Kambare Niliyemwita Sangara

Bariadi, saa tisa alasiri

Kabula mwanangu,

Ukiuliza hali yangu, si nzuri. Yako naijua, maana nakusikia hapo uani ukicheka na mama yako, mnagombana na sanduku lisilotaka kufunga. Hatua kumi zinatutenganisha, na mimi nimekaa humu ndani nakuandikia barua kama mtu aliye safarini. Najua utanishangaa. Nimeshatoka mara tatu nikiwa na nia ya kukuita tukae tuongee. Mara ya kwanza nikaishia kuomba maji ya kunywa. Mara ya pili nikasema mlango wa banda la kuku umelegea, na wala haujalegea. Mara ya tatu mama yako akanifukuza: "Baba Kabula, hebu kaa chini, unanizungusha kichwa!" Basi nimekaa.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kutoazimana nguo na wenzako bwenini, mama yako ameshakwambia, na kesho asubuhi ataanza tena kutoka mwanzo. Mimi nina jambo moja tu.

Jana uliniletea barua ya Mwalimu Debora niisome kabla hujafunga bahasha. Ile ya kukutambulisha chuoni. Ulisimama mbele yangu unasubiri uso wangu ufanye nini. Nikasoma mahali alipoandika: "Namfahamu msichana huyu tangu akiwa na miaka saba. Hajawahi kuniambia uongo." Nikakurudishia, nikasema imeandikwa vizuri. Kisha nikaenda nyuma ya zizi nikasimama huko na ng'ombe mpaka mama yako akaniita chakula, na chakula chenyewe sikukiona ladha.

Kwa sababu ulimwambia uongo, Kabula. Si mara moja. Hujui, na hujui kwa sababu ni mimi niliyekufundisha.

Ngoja nianzie nyuma kidogo. Sijitetei, nataka tu uone nilivyofika pale. Mimi nilikuwa mkulima wa pamba kama babu yako, huko Sapiwi. Kisha ukaja wakati wa ruksa, biashara huria. Chama cha ushirika kikadhoofika, wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Msimu huu wanakimbizana na magari kukupata, msimu ujao huwaoni hata kwa dawa. Marobota ya mwaka mmoja yalikaa ndani kwetu mpaka panya wakazaliana humo. Nikaona hapana. Nikachukua baiskeli, nikafunga tenga nyuma, nikaanza kwenda Lamadi kufuata samaki na kuwauza huku juu.

Sisi Wasukuma wa huku ni watu wa ng'ombe. Samaki tulimjua akiwa mkavu, ametungwa kwenye ujiti. Nilicheka sana nilipogundua kwamba mimi mwenyewe, mfanyabiashara wa samaki, sikujua kumtofautisha samaki na samaki mwenzake. Nilifundishwa na mikono. Sato nilimpenda kwanza, na mpaka leo ndiye ninayemheshimu. Nyama yake nyeupe imekaza, utamu wake wa taratibu, anataka nyanya na kitunguu na chumvi tu, ukimzidishia viungo umemtukana. Ila ana mifupa ya mbavuni inayojipinda, na mtoto akila lazima umtolee macho. Ningu wazee walimsifu kuliko wote, lakini mifupa yake ni nywele tupu, na kila mwaka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, walikuwa wanapungua mpaka nikaacha kuwauliza.

Halafu sangara. Mungu wangu, sangara! Wa kwanza niliyemleta Bariadi mkia wake uliburuza chini, na sokoni watu wakasogea nyuma. Walisema huyu anakula watu waliozama ziwani. Mama mmoja akanishika: "Wewe, ng'wana wane, mwanangu, kama huyu amekula mtu, mimi nikimla yeye nitakuwa nimekula nani?" Siku hiyo nilirudi na samaki mzima, tukamla sisi, na mama yako akasema ananuka mafuta. Ni kweli ana mafuta mengi. Ukimchemsha kama sato utamchukia maisha yako yote. Nikajifunza kumkata vipande vinene, kumpaka limau na chumvi, kumkaanga pale pale sokoni na kumgawa bure waonje. Hana mfupa wa kukukaba. Nyama yake inaachia yenyewe, pande kwa pande, nyeupe na laini. Baada ya miezi miwili walionikimbia ndio walionigombania.

Wa kwanza kununua bila woga alikuwa Mwalimu Debora. Wakati ule alikuwa na nguvu bado, anafundisha darasa la kwanza, na wewe ulikuwa bado mgongoni. Hakuuliza kama sangara anakula watu. Aliuliza neno moja: "Ana magamba?" Nikamwonyesha magamba, makubwa kama kucha ya dole gumba. Akasema, "Nipimie." Unajua Wasabato walivyo, wanashika agizo la kwenye Biblia: samaki awe na mapezi na magamba, la sivyo si chakula. Sisi Wakatoliki tunakula kila kinachoogelea, na nilizoea kumtania, "Mwalimu, unakosa kambare wewe!" Anacheka, anasema, "Nimekosa mengi, Baba Kabula, na bado nimenenepa." Kila Ijumaa mchana alichukua samaki wake, apike kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Na kila Ijumaa aliuliza neno lile lile, nami nikajibu lile lile, na lilikuwa kweli. Miaka mitano mizima lilikuwa kweli.

Ndipo vikaja viwanda vya minofu Mwanza. Magari ya barafu yakawa yanalala Lamadi. Mawakala wanasimama ndani ya maji wanasubiri mitumbwi, na sangara wote, mkubwa kwa mdogo, wanaenda kuchunwa na kupelekwa Ulaya. Mimi na baiskeli yangu nikawa mtu wa kuangalia tu. Kilichoturudia sisi ni mapanki, vichwa na mifupa ya mgongo, na hata hayo tuliyanyang'anyana. Wateja wa Bariadi nao, niliowafundisha mwenyewe kumpenda sangara, wakanisema: "Siku hizi huna kitu, Masanja."

Iliniuma. Hili lazima nikwambie ukweli wake: haikuwa njaa. Tulikuwa na mtama ndani na ng'ombe wawili wa maziwa. Kilichoniuma ni kuonekana sina kitu, mimi niliyekuwa mtu wa samaki wa Bariadi nzima. Nilikuwa na kiburi cha kijinga, na hakuna aliyeniambia isipokuwa mama yako, naye sikumsikiliza.

Malambo ya Sapiwi yamejaa kambare, hilo unalijua, umevua mwenyewe na binamu zako kwenye majaruba ya mpunga. Kambare ana ndevu, ana ngozi nyeusi inayoteleza, hana gamba hata moja. Lakini ukimchuna ngozi, ukatoa kichwa, ukakata mnofu, ukaosha na limau mara mbili wekundu wa mgongoni ukatoka, unabaki na kipande cheupe. Nilikiangalia kipande hicho kwenye sinia, mwanangu, nikakiita sangara. Nilikiita mara moja nikiwa peke yangu, kujaribu. Hakuna kilichotokea. Mbingu hazikuanguka. Nikakipeleka sokoni.

Mama yako aliona. Akaniambia, "Mimi niliolewa na mkulima wa pamba. Huyu anayeuza uongo sijui katoka wapi." Akakataa kuvipika. Mimi nikajibu kwamba samaki ni samaki, tumboni hawana majina.

Ukienda huko chuoni watakufundisha kukagua samaki kwa vitabu, lakini chukua na haya ya baba yako. Weka kidole juu ya mnofu ubonyeze. Sato anarudi haraka. Sangara anarudi polepole, na unaona mistari ya nyama ikitaka kuachana. Kambare hana mistari ya kuachana, ameshikamana, na akizidi moto analegea na kutoa utelezi. Na harufu: sangara hunuka mafuta, kambare hunuka udongo wa lambo, hata umwogeshe na limau la shamba zima. Nilijua haya yote. Nilijua pia nani sokoni angeyatambua na nani asingeyatambua, na nikawachagua watu wangu. Hilo ndilo baya kuliko kambare mwenyewe.

Mwalimu Debora nilimwogopa. Macho yake ni ya mwalimu, ukisimama mbele yake unajikuta umeshakiri hata ambalo hukulifanya. Kwa hiyo sikwenda. Nilikutuma wewe.

Ulikuwa na miaka saba, umeanza darasa lake. Nilikufunga kipande kwenye jani la mgomba, nikachuchumaa, nikakwambia: "Mwalimu atakuuliza, ana magamba? Wewe sema, ndiyo Mwalimu, magamba makubwa, baba ameyatoa." Nikakurudisha, nikakuambia urudie. Ukarudia. Ulitamka vizuri sana. Ukaenda mbio, na ukarudi na maandazi mawili aliyokupa kwa adabu yako, ukanigawia moja. Nililila, Kabula. Nililila lote. Miezi minne, kila Ijumaa, wewe na jani la mgomba, na yule mama hakuuliza mara ya pili kwa sababu mtoto mdogo hana sababu ya kumdanganya mwalimu wake.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawakunijua. Yangu ina miaka kumi na mbili na bado natembea.

Nikaacha hivi. Siku moja Mwalimu alituma mtu aniite Jumamosi mchana, baada ya ibada. Alikuwa na mgeni, mchungaji mzee kutoka Nassa, akataka nije nile nao kwa kuwa mimi ndiye ninayemletea samaki. Samaki alipikwa toka jana yake, amewekwa mezani. Mwalimu akafumba macho akashukuru, akasema, "Asante kwa chakula safi, na kwa mikono iliyokileta." Nikaangalia mikono iliyokileta. Mzee akala, akasifu, akaomba aongezewe. Mimi nilisema nina tumbo, nikatoka, na halikuwa tumbo.

Toka hapo sikuuza mnofu tena. Nilileta sato mwenye ngozi na macho yake, au sikuleta kitu. Nikasema sangara wamekwisha. Lakini kumwambia, sikumwambia. Nilienda kuungama. Padri akasema, "Umeungama vizuri, sasa nenda kamwambie mwenyewe." Toka siku ile nikawa naungama kwa padri mwingine.

Halafu wewe ukakua. Ukafaulu. Kila mahali uliposimama Mwalimu alikuwa nyuma yako, kwa madaftari, kwa maombi, mpaka hii barua ya jana. Na kesho anakuja stendi kukuombea kabla basi halijaondoka. Ameniambia mwenyewe, "Baba Kabula, tutashikana mikono sote watatu na mama yake, tumkabidhi mtoto." Nimeshika mkono wake mara nyingi hii miaka. Kesho siwezi. Kesho wewe unakwenda kusomea kazi ya kusimama mbele ya kipande cheupe kisicho na kichwa wala ngozi na kusema huyu ni nani. Watu wasiokujua watakula kwa sababu wewe umesema. Na barua inayokupeleka imejengwa juu ya kambare wangu.

Nikimwambia, anaweza kuidai barua yake. Ana haki. Usiku wa leo anaweza kuja hapa akaichana mbele yako, na safari ikafa. Ndiyo maana nazunguka na mlango wa banda la kuku. Ningetaka mtu aniambie nisubiri wiki moja, ukishafika, ukishaandikishwa. Mama yako nimemuuliza. Akasema, "Ukisubiri utakuwa umemtuma tena na jani la mgomba."

Naenda sasa hivi. Nikikaa kidogo sitakwenda.

*

Nimerudi. Jua linakaribia kuzama na nyie mmeshalifunga sanduku, naona mmelifunga kwa kamba ya katani. Vizuri.

Nilimkuta ukumbini kwake, anapepeta mchele. "Mwadila, Baba Kabula," akasema, "karibu. Msafiri yuko tayari?" Akanisogezea kigoda. Nikakataa kukaa. Nilijua nikikaa nitaanza habari za mvua.

Nikasema, "Mwalimu, wale sangara aliokuletea Kabula ule mwaka wa viwanda, kwenye majani ya mgomba. Hawakuwa sangara. Walikuwa kambare wa lamboni. Niliwachuna ngozi."

Akaendelea kupepeta. Nikadhani hakusikia. Nikafungua mdomo nirudie, akasema, "Nimesikia. Kwa muda gani?"

"Miezi minne. Kila Ijumaa."

"Na mchungaji alipokuja?"

"Siku ile pia, Mwalimu."

Hapo akaweka ungo chini. Yule mzee wa Nassa alishafariki, unajua. Mimi nilisimama kama mtoto wa darasa la kwanza aliyejikojolea. Kisha Mwalimu akauliza, na sauti ilikuwa ndogo: "Mtoto alijua?"

"Hakujua. Nilimfundisha la kusema, naye aliniamini."

"Basi nilichoandika kinasimama," akasema. "Yeye hajawahi kuniambia uongo. Ni wewe uliyeniambia, kwa mdomo wake."

Nilipata furaha na aibu pamoja, Kabula, sijui ipi ilitangulia. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yanagongana. Akainua mkono. "Nitakusamehe, Masanja, maana nimeamriwa kusamehe. Lakini si leo. Leo nina hasira, na hasira hii ni haki yangu, usiniharakishe." Miaka yote hajawahi kuniita jina langu. Kisha akasema: "Kesho nitakuja kumwombea mtoto. Lakini mkono wako sitaushika. Usisimame kwenye maombi yale."

Nikasema, "Mayu, mama, ni binti yangu. Anaondoka."

"Najua," akasema. Akachukua ungo wake.

Nisikudanganye tena kwa lolote: njiani nilikasirika. Nikasema mwanamke gani huyu anayemzuia mtu kumuaga mwanawe, kwa ajili ya samaki wa miaka kumi na mbili, samaki ambao hawakumuumiza hata tumbo! Nikapiga teke jiwe, kidole kimevimba. Ningeweza kuja tu. Stendi si ya kwake. Angefanya nini, anifukuze mbele ya watu? Nilitembea hivyo mpaka kwenye kona ya mashine ya kusaga. Hapo nikamwona mtoto, kibinti tu, anakwenda dukani, midomo inacheza, anarudiarudia alichotumwa asije akakisahau. Hasira ikaniisha. Nikasimama pale nikalia, mtu mzima mimi, wenye magunia wananiangalia.

Huko uendako, mwanangu, mtu atakayekuomba useme neno lisilo la kweli hatakuja na pembe kichwani. Atakuja amechoka, ana kiburi kidogo, ana watoto nyumbani, na atakuchekesha. Pengine utampenda. Mimi watu walinipenda. Sina la kukufundisha zaidi ya hilo, na hilo limenigharimu kesho yako.

Usimwandikie Mwalimu kuniombea. Akipenda atanisamehe kwa wakati wake, nami nitampelekea sato Ijumaa, mzima, na magamba yake, na akimrudisha nitampelekea mwingine Ijumaa ijayo. Wewe mwandikie habari za masomo tu.

Sanduku utashika upande mmoja na mama yako upande wa pili, maana mimi sitasogea karibu na maombi yale. Barua hii atakupa dirishani basi likishawashwa, kwa hiyo ukisoma hadi hapa umeshaliona lililotokea. Umeshamwona baba yako ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la mabati lililofungwa, hasogei. Umeshapunga mkono uniite, na sikuja. Umeshapanda basi na uchungu, unasema baba gani huyu, miaka kumi na tisa ananilea na leo anashindwa kuvuka barabara.

Nitakuwa nakuona, Kabula. Mwalimu akiinamisha kichwa nitavua kofia. Maombi yake ni marefu na mimi kwa mbali sitasikia neno, lakini nitaangalia mgongo wake, na akiinua kichwa nitajua amemaliza, nami nitasema amina peke yangu hapo nilipo.

Nakupenda. Sikuwahi kukwambia.

Baba yako,
Masanja